Kujiandaa Kutetea Tasnifu ya Uzamivu: Anza na Mapingamizi



Katika parokia zetu za Shinyanga na Geita tumezoea matangazo ya mwisho wa Misa: ndoa, michango ya ujenzi, mkutano wa halmashauri ya walei. Siku hizi husikika pia tangazo la aina nyingine. Padre, sista au mwalimu fulani aliyekuwa masomoni anaomba sala, kwa sababu wiki ijayo "anatetea". Waamini huitikia vizuri, lakini wengi hubaki na maswali. Anatetea nini? Nani amemshtaki? Kama ameandika kwa miaka minne na kitabu kimekwisha, kwa nini ahojiwe tena?

Maswali hayo ni ya haki, na frateri anayetamani kusoma hadi ngazi hiyo anapaswa kuyajibu mapema. Makala hii inaeleza utetezi wa tasnifu ni nini, ulitoka wapi, na mtu hujiandaaje. Kuna jambo moja la kushika kuliko mengine: aliyejiandaa vizuri ni yule aliyeyatafuta mwenyewe mapingamizi mazito dhidi ya kazi yake, kabla watahini hawajayatafuta.

1. Ni nini kinachotetewa?

Tasnifu ya uzamivu ni andiko refu ambamo mwanafunzi anadai kwamba ameongeza jambo katika elimu: amegundua kitu kisichojulikana, au amefafanua upya kitu kilichoeleweka vibaya. Dai huhitaji ushahidi, na ushahidi huhitaji kupimwa na watu wasio na sababu ya kumpendelea aliyeutoa. Utetezi ndiyo hatua ya kupima hivyo ana kwa ana.

Utaratibu hutofautiana kutoka chuo kimoja hadi kingine, ila katika vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki mambo hufanana. Mwanafunzi akishakabidhi tasnifu kwa idhini ya msimamizi wake, nakala hupelekwa kwa watahini wa ndani na wa nje. Hao husoma na kuandika ripoti. Baadaye jopo hukaa chini ya mwenyekiti, mtahiniwa huwasilisha kazi yake kwa muda mfupi, kisha huulizwa maswali. Mwishoni hutolewa nje, jopo hushauriana, naye huitwa kusikia uamuzi: amepita, amepita kwa masharti ya marekebisho madogo au makubwa, anatakiwa kuandika upya na kurudi, au hakufaulu. Kupita bila marekebisho yoyote ni nadra, kwa hiyo anayepewa marekebisho asijione ameaibika.

Kwa wanaosoma katika vitivo vya Kanisa, sheria kuu ni Katiba ya Kitume Veritatis gaudium, iliyotiwa saini na Papa Fransisko mwaka 2017. Inataka tasnifu ya udaktari iwe na mchango wa kweli katika maendeleo ya elimu, iandikwe chini ya uongozi wa mwalimu, itetewe hadharani, na angalau sehemu yake kuu ichapishwe. Maana yake ni kwamba kazi hiyo haiwezi kubaki kuwa siri ya mwanafunzi na mwalimu wake. Lazima isimame mbele ya watu.

2. Mizizi yake iko katika mabishano ya shule

Zoezi hili lilianza zamani sana. Katika vyuo vikuu vya karne ya 13, hasa Paris, kufundisha kulikuwa na sehemu mbili kubwa: kusoma matini na kuyafafanua, na kujadili swali kwa hoja. Mwalimu alitoa swali. Waliohudhuria walileta mapingamizi. Mwanafunzi aliyekomaa alisimama kuyajibu. Baadaye mwalimu mwenyewe alitoa uamuzi wake na kujibu pingamizi moja baada ya jingine.

Anayesoma Summa Theologiae ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino huiona alama ya desturi hiyo katika kila kifungu. Tomaso haanzi na maoni yake. Anaanza na mapingamizi, tena huyaeleza kwa nguvu, kiasi kwamba msomaji mgeni anaweza kudhani ndiyo mafundisho yenyewe. Baada ya hapo ndipo anapojibu. Huo ndio mfano bora wa kujiandaa kutetea: mheshimu anayekupinga kiasi cha kuweza kuieleza hoja yake vizuri kuliko yeye.

Tena Tomaso naye alipata hofu. Mwaka 1256 alitakiwa kutoa mhadhara wake wa kwanza kama mwalimu wa Paris, akiwa na umri wa miaka kama 31, chini ya ule uliowekwa na kanuni za chuo. Mapokeo yanasimulia kwamba alisali kwa machozi akijiona hafai, ndipo katika ndoto mzee mmoja akamwonyesha aya ya Zaburi ya 104 inayohusu Mungu kuinywesha milima kutoka juu. Aliifanya aya hiyo kuwa msingi wa mhadhara wake. Basi anayetetemeka kabla ya kutetea asidhani hana wito wa elimu.

3. Aliyekaribia kukataliwa

Mfano wa karibu zaidi ni wa Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI. Alikuwa tayari ana udaktari, lakini nchini Ujerumani ilihitajika kazi ya pili, kubwa zaidi, ili mtu aweze kuwa profesa. Aliandika juu ya Mtakatifu Bonaventura. Msimamizi wake, Gottlieb Söhngen, aliipokea kazi kwa furaha. Msomaji wa pili, Michael Schmaus, aliikataa. Ratzinger alikuwa amekwisha kuwachukua wazazi wake wazee waje kuishi naye Freising. Kama angeanguka, angepoteza nafasi yake, na wao wangepoteza makao yao.

Kazi ilirudishwa imejaa alama za masahihisho. Ratzinger aliona kwamba sehemu ya mwisho, iliyohusu Bonaventura na teolojia ya historia, haikuwa imepingwa sana na ingeweza kusimama yenyewe. Aliziacha sehemu zilizobishaniwa, akaikamilisha hiyo, akaiwasilisha upya, ikapokewa. Mhadhara wake wa hadhara, Februari 1957, uligeuka kuwa ubishi kati ya maprofesa hao wawili huku yeye amesimama kando. Hata hivyo alipita.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mtahini mkali siyo lazima awe adui wa kazi. Ukali wake unaweza kuonyesha ni sehemu ipi ya kazi yako iliyo imara. Pili, mtahiniwa ajue moyo wa tasnifu yake uko wapi, ili akilazimika kupunguza, asikate moyo huo.

4. Kwa nini jambo hili linatugusa

Msomaji wa Songwa anaweza kusema hayo ni mambo ya Paris na Ulaya. Sivyo. Kanda yetu imetafitiwa sana, na yanayoandikwa juu yetu huingia katika sera, katika miradi ya mashirika, na hata katika mahubiri.

Chukua suala la mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Tunajua jinsi bibi mwenye macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi, alivyoweza kuitwa mchawi. Mtanzania Simeon Mesaki aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya uchawi na mauaji hayo katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1993. Anayetaka leo kuandika juu ya jambo hilo ataulizwa mara moja: "Wenzako wamekwisha kuandika. Wewe umeongeza nini?"

Swali la pili litakuwa la lugha. Tuseme mtafiti amewahoji wazee kwa Kisukuma, kisha akaandika kwa Kiingereza. Katika Kisukuma, nfumu ni mganga, na nogi ni mchawi. Mtafiti akiwatafsiri wote wawili kwa neno moja, amempeleka mganga upande wa mchawi kwa kalamu yake. Katika nchi ambako jina hilo limewagharimu watu uhai, kosa kama hilo ni zaidi ya kosa la kamusi. Mtahini anayekaza swali hapo anamtetea bibi asiyekuwepo ukumbini.

5. Namna ya kujiandaa

Tuweke mfano wa kubuni. Mwalimu mmoja ameandika juu ya maisha ya familia za wachimbaji wadogo wa Geita. Amewahoji akina mama 60, naye anadai kwamba wengi wao waliachwa na waume waliohama kufuata dhahabu kwingine. Afanye nini katika miezi miwili kabla ya kutetea?

Kwanza, aisome tasnifu yake yote upya kana kwamba imeandikwa na mtu asiyemfahamu. Kila penye dai kubwa, aandike pembeni: "Umejuaje?" Pasipo na jibu ndani ya kurasa zenyewe, hapo ndipo atakapoulizwa.

Pili, ayaandike mapingamizi yake kama alivyofanya Mtakatifu Tomaso. Kwa mfano: "Akina mama hawa ulikutana nao kanisani baada ya Misa ya Dominika. Je, wale wanaoshinda kwenye makarasha hata Dominika uliwapata wapi? Na wale waliohama pamoja na waume zao, watahesabiwaje wakati hawapo tena kijijini?" Pingamizi hili ni zito kwa sababu linagusa hesabu yenyewe: waliobaki ndio waliohojiwa, na waliobaki ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwa wameachwa.

Tatu, ayagawe majibu katika mafungu matatu. Lipo pingamizi ambalo lina jibu: aonyeshe ukurasa. Lipo ambalo ni kweli kwa sehemu: apunguze dai lake, aseme matokeo yanawahusu akina mama waliobaki vijijini, siyo wote wa machimboni. Na lipo ambalo hana jibu lake: alitaje kama mpaka wa utafiti na kazi ya atakayefuata.

Nne, ajizoeze kueleza kazi nzima kwa dakika tatu, kwa Kiswahili ambacho mama wa jumuiya ndogondogo atakifuata. Akishindwa, tatizo mara nyingi haliko kwa mama huyo. Mwandishi mwenyewe hajalijua dai lake vizuri.

Tano, afanye jaribio mbele ya watu. Seminarini jambo hili ni rahisi: mafrateri wachache, mmoja apewe kazi ya kupinga kila kitu, mwingine ashike saa. Asichague marafiki watakaosifu tu.

Sita, atayarishe vitu vidogo. Slaidi ziwe chache na zisomeke. Awe na nakala ya tasnifu yenye vialamisho katika kila sura. Faili liwe katika mahali zaidi ya pamoja, na karatasi ziwepo iwapo umeme utakatika. Usiku wa mwisho ni wa kusali na kulala. Kusoma hadi alfajiri huchosha akili siku inapohitajika zaidi.

6. Siku yenyewe

Swali likiulizwa, mtahiniwa asikilize hadi mwisho, aliandike, na kama halijaeleweka aombe lirudiwe. Kisha ajibu lililoulizwa, siyo lile alilojiandalia. Shule za zamani zilifundisha njia nzuri ya kujibu kwa kutofautisha: "Kwa maana hii nakubali, kwa maana ile sikubali, kwa sababu hii." Njia hiyo humzuia mtu asikubali kila kitu kwa woga wala kukataa kila kitu kwa kiburi.

Hapa kuna mtego kwa sisi tuliolelewa kuwaheshimu wakubwa. Kijana wa Kisukuma akiulizwa na mzee kwa sauti kali, adabu humwambia ainamishe kichwa na kusema ndiyo. Mbele ya jopo, adabu ni kumwita profesa kwa heshima, kumshukuru kwa swali, kisha kumwambia ukweli hata kama haulingani na maoni yake. Kukubali uongo ili kumridhisha mkubwa siyo unyenyekevu. Na pale ambapo mtu hajui, aseme hajui. Jopo humwamini zaidi anayejua mwisho wa elimu yake kuliko anayejaza nafasi kwa maneno.

7. Wajibu wa parokia na familia

Waamini nao wana sehemu yao. Sala ni ya kwanza. Ya pili ni kumpunguzia mzigo: miezi hiyo miwili asitwishwe kamati za harusi na harambee. Ya tatu ni uvumilivu: akirudi na kusema amepewa marekebisho, asiulizwe kwa huzuni kana kwamba amefeli, wala sherehe isimfanye asahau kuyakamilisha. Shahada hukamilika marekebisho yanapokubaliwa.

Kisha nao wamdai. Akina mama 60 walimpa muda wao na habari za maisha yao. Wana haki ya kusikia, kwa lugha yao, ni nini kimeandikwa juu yao, na kusema kama ni kweli. Wao hawana joho wala ripoti, lakini wanaijua habari hiyo kuliko mtahini yeyote. Mtafiti mwenye busara huenda kwao hata kabla ya kwenda mbele ya jopo, kwa maana pingamizi linalotoka kwao ndilo zito kuliko yote.