Kina Moraa Ni Wangapi? Ukiandika Amri, Kompyuta Itakuhesabia

Je, wajua kwamba simu ya Android uliyonunua Kisii mjini au Keroka imebeba kiini cha Linux, mfumo ambao tangu mwishoni mwa 2017 unaendesha kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani? Nyuma ya picha unazogusa ipo njia ya zamani zaidi ya kuzungumza na mashine: unaandika amri, unabonyeza Enter, nayo inajibu kwa maandishi. Huo ndio mstari wa amri. Aliyewahi kupiga *334# kutafuta M-Pesa amekwisha kukutana na ndugu yake, ila *334# hukupa orodha uchague. Mstari wa amri haukupi chochote. Kishale kinapepesa, kinakungoja useme unachotaka.

Amri zake ni fupi kwa sababu maalumu. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda Unix, mfumo ambao Linux ilifuata mtindo wake, mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, watu waliandikia kompyuta kwa teletaipu, mashine iliyochapa kwenye karatasi herufi 10 hivi kwa sekunde. Nani angevumilia maneno marefu? Ndipo tukapata ls ya kuorodhesha faili, cp ya kunakili na mv ya kuhamisha. Hata leo amri nyingi zikifaulu hunyamaza kimya.

Utamu wake huonekana penye orodha ndefu. Tuseme shule moja ya Nyamira ina wanafunzi 800 katika faili wanafunzi.csv, kila mstari ukiwa na namba, jina la Kigusii, kidato, mji na kaunti. Mwalimu anataka kujua kina Moraa, Kwamboka na Nyaboke ni wangapi, maana kila mtihani alama za huyu huandikiwa yule. Anaandika:

cut -d, -f2 wanafunzi.csv | sort | uniq -c | sort -nr

Cut inakata kila mstari penye koma na kuchukua safu ya pili, ya majina. Sort inayapanga, kina Moraa wote wakae pamoja. Hatua hii hairukwi, kwa kuwa uniq huhesabu tu mistari inayofanana na kufuatana. Sort ya mwisho inaweka jina lenye watu wengi juu. Kile kijistari cha wima ni bomba, lililotiwa kwenye Unix mwaka 1973 kwa rai ya Doug McIlroy, mwenzao Thompson na Ritchie. Kila programu inajua kazi moja tu, kisha zinapokezana maandishi kama vibarua wanaorushiana matofali. Kwangu mimi hili ni kati ya mawazo mazuri kabisa katika historia ya kompyuta: waliounda vifaa hivi hawakuifikiria shule ya Nyamira, na bado vinaifanyia kazi. Orodha ikifika mistari 80,000, amri ni ileile.

Lakini umakini unahitajika. Mashine huona Moraa na moraa kuwa majina mawili. Keroka nayo iko mpakani mwa Kisii na Nyamira, kwa hiyo grep Keroka wanafunzi.csv, amri ya kutafuta mistari yenye neno hilo, italeta wanafunzi wa kaunti zote mbili. Ongeza | grep Nyamira ubaki na wa upande mmoja. Na rm, amri ya kufuta, haina pipa la taka. Kilichofutwa kimekwenda, basi nakili faili kwanza.

Huna laptopu? Termux, programu ya bure, inafungua mstari wa amri kwenye simu hiyohiyo ya Android. Anza na pwd, ikuambie uko folda gani. Ukisahau matumizi ya sort, andika sort --help. Maelezo yanatokea papo hapo, hata bando likiwa limeisha.