Siku 45 za mkulima wa Kyerwa

Wakili akikosea, anayeumia ni mteja. Haya si manung'uniko ya vijiweni, ndivyo mahakama zetu zilivyoamua miaka mingi. Katika shauri la Calico Textile Industries lililoripotiwa 1983, na tena katika lile la Umoja Garage dhidi ya Benki ya Taifa ya Biashara lililoripotiwa 1997, Mahakama ya Rufani ilikataa kuhesabu uzembe wa wakili, au kutosoma kwake sheria, kuwa sababu ya kutosha ya mteja kuongezewa muda. Msimamo huo una mantiki. Kila aliyechelewa akiruhusiwa kumsingizia wakili wake, kesi hazitakwisha na aliyeshinda hatapata usingizi. Siupingi. Ila mahakama ikishaufunga mlango huo, ule wa nidhamu ya mawakili lazima ubaki wazi, tena mahali ambapo mtu wa Karagwe na Kyerwa anaufikia.

Wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja hadi 2012, zinaishi kwa kahawa na ndizi, na ugomvi mkubwa wa huko ni wa kibanja, yaani shamba la familia. Aliyeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, iliyoko Bukoba. Kwa anayekaa Murongo, mpakani na Uganda, Bukoba ni safari ya kupitia Nkwenda, Omurushaka na Kyaka, kwa nauli ambayo mtu haitoi kila wiki kwenda kuuliza jambo lake limefikia wapi. Atampigia simu wakili wake, naye ataambiwa, "Mzee, tulia, faili linashughulikiwa." Na ada ya wakili ikidaiwa Februari, kahawa ikiwa bado mtini, pesa ya haraka hupatikana kwa butura, yaani kuuza mavuno kabla hayajaiva, kwa bei anayoipanga mnunuzi. Sasa chukulia rufaa imewasilishwa siku ya hamsini bila kibali cha kuongeza muda. Inatupwa. Mkulima amepoteza kahawa ya msimu ujao na kibanja chenye makaburi ya wazee wake, na hakuna jaji aliyewahi kusikiliza hoja yake hata moja. Hati iliyochelewa ina jina la wakili aliyeiandaa na muhuri wake, lakini gharama za kesi anadaiwa mkulima.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, imeweka Kamati ya Mawakili yenye uwezo wa kuonya, kusimamisha na hata kufuta jina katika daftari. Tatizo ni kwamba wananchi huisikia Kamati hiyo kwa mambo ya namna moja. Septemba 2020 ilimfuta Fatma Karume, rais wa zamani wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS), na Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo Juni 2021. Mei 2024 ilimpa onyo Boniface Mwabukusi, ambaye Agosti mwaka huohuo mawakili wenzake walimchagua kuwa rais wa chama chao. Kote kuwili mlalamikaji alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kosa lilihusu maneno. Anayefuatilia habari redioni pale Nkwenda ana haki ya kudhani kwamba Kamati imewekwa kwa ajili ya mawakili wanaosema sana, siyo wanaonyamaza siku ya rufaa inapofika.

Wapo watakaosema hii ni kesi ya nyani na hakimu ni ngedere, wakili hawezi kumhukumu wakili mwenzake. Hoja hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria hiyo Kamati ina jaji wa Mahakama Kuu na upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, si wakili peke yake. (Mlalamikaji wa kesi zile mbili kuwa na kiti ndani ya chombo hichohicho ni jambo la kutazamwa, lakini siyo tatizo la mkulima wa Murongo.) Mawakili wenyewe wana hoja nzito zaidi: mshindwa hakosi la kusema, na ukilainisha njia ya kulalamika, kila aliyeshindwa ataipita. Ni kweli kushindwa kesi si kosa la wakili. Lakini kuchelewa kunathibitishwa na karatasi. Tarehe ya hukumu ipo, tarehe ya kupokelewa kwa rufaa ipo, stakabadhi ya ada, kama ilitolewa, ipo. Malalamiko ya aina hii ni mepesi kuchuja kuliko yote.

Na ile hofu kwamba nidhamu kali itawakimbiza mawakili wachache waliopo, tubakiwe na vishoka, yaani mawakili feki, mimi naiona kinyume. Kishoka hana daftari analoweza kufutwa. Wakili analo, na ndiyo sababu ya kumlipa zaidi. Asiyeweza kuwajibishwa ana tofauti gani na kishoka, mbali na joho? Tazama mahakimu: tangu sheria ya utawala wa mahakama ya 2011, malalamiko ya maadili dhidi ya hakimu yana kamati hadi ngazi ya wilaya, chini ya mkuu wa wilaya. Sisemi wanasiasa wakabidhiwe mawakili, Mungu apishe mbali. Nasema mteja naye apate dirisha la kupokelea lalamiko Kayanga, makao makuu ya Karagwe, fomu iwe ya Kiswahili, na Kamati ikae Bukoba kuwasikiliza wa huku, badala ya mkulima kuambiwa aifuate mbali.

Kabla dirisha hilo halijafunguliwa, wewe mwenye kesi usilipe kabla ya kulitafuta jina la wakili wako katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Dai stakabadhi. Siku ya hukumu andika tarehe ukutani, uhesabu siku 45, na ikifika ya thelathini umtake akuonyeshe rufaa yenye muhuri wa mahakama. Akikuonyesha simu tu, bado una siku kumi na tano za kutafuta mwingine.