Je, Wajua? Adui wa Saipresi Ana Adui Wake

Ua wa saipresi ukikauka na kugeuka kahawia kuanzia ndani, usidhani ni kiu tu. Huenda umevamiwa na vidukari wa saipresi, wadudu wa milimita chache wanaofyonza utomvu huku mate yao yakiua vitawi.

• Wadudu hawa waligunduliwa Malawi mwaka 1986. Kufikia 1990 walikuwa wameingia Kenya.

• Katika nchi zetu za joto, majike huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Ndiyo maana huongezeka upesi.

• Kinyesi chao ni majimaji matamu. Sisimizi huyafuata, na ukungu mweusi huota juu ya majani.

• Katika miaka ya 1990, nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum aliletwa kutoka Ulaya ili kuwadhibiti. Hutaga yai ndani ya kidukari. Buu likianguliwa, humla kutoka ndani.

Kagua matawi ya ndani. Ukikuta maganda ya vidukari yenye tundu, nyigu yuko kazini: usipulizie sumu, utamuua naye.