Sili na Hali ya Bahari

Huenda tukadhani kuwa mnyama wa baharini hakosi chakula. Sivyo. Tumtazame sili wa manyoya wa visiwa vya Galápagos, nchini Ecuador. Mnyama huyu huzaa na kunyonyesha nchi kavu, lakini samaki na ngisi anaowala huwatafuta baharini.

Huwinda usiku, samaki na ngisi wanapopanda karibu na uso wa maji. Mwezi ukiwa mpevu, hao hubaki chini kukwepa mwanga, nao sili wengi hukaa ufukweni.

Kwa kawaida maji baridi hupanda kutoka chini na rutuba yake. Mimea midogo mno hustawi, samaki wakapata chakula, na sili naye akapata chake. Lakini inapotokea El Niño, maji ya juu hupata joto na rutuba hubaki chini. Mama hukawia baharini siku nyingi zaidi, na mtoto humngoja ufukweni kwa njaa. Katika El Niño ya mwaka 1982 hadi 1983, karibu watoto wote waliozaliwa 1982 walikufa.

Hivyo tunaona kuwa joto la maji likibadilika, hata mtoto aliye nchi kavu hukosa maziwa.