Kivu: Betri ya kifungo ikimezwa na mtoto, masaa mawili yanatosha kuunguza njia ya chakula

Inang'aa kama peremende na inaingia mdomoni bila shida. Betri bapa ya mviringo, inayofanana na kifungo cha koti, imeenea katika nyumba za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira: iko ndani ya vichezeo vinavyoimba, saa, telekomandi, mizani ya jikoni, hata viatu vya watoto vinavyowaka taa. Mtoto mdogo hupima kila kitu kwa mdomo. Akiimeza na ikwame kwenye umio, yaani ile njia inayotoa chakula kooni kukipeleka tumboni, masaa mawili yanatosha kuleta kidonda kikubwa.

Wazazi wengi wanafikiri hatari ni dawa iliyo ndani ya betri kuvuja. Hapana. Mate na nyama laini ya umio vinaunganisha pande mbili za betri, umeme unapita, na kwenye upande wa hasi inatengenezwa kemikali kali ya jamii moja na soda kostiki, ile akina mama wanayotumia kupika sabuni. Betri inaunguza bila kupasuka. Hata ile iliyochoka, isiyoweza tena kuwasha kichezeo, ingali na nguvu za kuunguza.

Mbaya zaidi ni ile yenye maandishi CR2032. Namba 20 ni upana wake, milimita 20, kipimo kinachokwama kwa urahisi katika koo la mtoto. Nguvu yake ni volti 3.

Si kila kitu kinachomezwa kinaleta balaa. Kati ya vitu 10 vinavyofika tumboni kwa watoto, 8 au 9 hutoka vyenyewe kwa choo. Franga zetu ni noti tupu, lakini katika miji ya mpakani, kama Goma, Bunagana na Kasindi, sarafu za Rwanda na Uganda zinazunguka, na watoto wanazimeza. Sarafu iliyoshuka tumboni mara nyingi hutoka baada ya siku chache. Sumaku ndogo ni habari nyingine: mbili zikimezwa zinavutana kupitia kuta za matumbo, zinayabana na kuyatoboa. Na kwa mwiba wa samaki, ile desturi ya kumlazimisha mtoto ameze donge la bugali inaweza kuuzamisha zaidi.

Kinachosumbua kwa betri ni kwamba mara nyingi hakuna aliyeona mtoto akimeza. Anatokwa na mate mengi, anakataa kula, anatapika au anakohoa, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Kwenye kituo cha afya dalili hizo zinafanana na mafua, malaria au ugonjwa wa mapafu, na mtoto anarudishwa nyumbani na sirop. Swali moja tu, kama kuna kichezeo au telekomandi iliyopoteza betri, lingebadilisha mambo. Picha ya radiografia inaonyesha tofauti pia: sarafu ina duara moja, betri ina duara mbili, moja ndani ya nyingine.

Basi mzazi afanye nini? Aende hospitali yenye radiografia mara moja, bila kungoja asubuhi. Asimtapishe mtoto, wala asimpe mafuta ya mawese au chakula. Kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na betri imemezwa ndani ya masaa 12, apewe asali vijiko vidogo viwili kila dakika 10, visizidi mara sita, wakiwa njiani. Asali inapunguza kuungua, haiondoi betri. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku. Na iwe asali ya kweli, si ile sukari iliyochemshwa.

Hapa ndipo shida yetu inapokuwa kubwa. Kutoa betri kwenye umio kunahitaji endoskopi, mashine ambayo hospitali chache za mashariki zinayo. Kwa mtoto wa Shabunda au wa ndani ya Masisi, masaa mawili yanaweza kuishia barabarani. Kwa hiyo kinga inaanzia sokoni. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 inayotaka kifuniko cha betri kisiweze kufunguliwa kwa urahisi na mtoto mdogo, baada ya mtoto wa miezi 18, Reese Hamsmith, kufariki. Huku kwetu, mnunuzi mwenyewe ageuze kichezeo: kama kifuniko hakina visi, akirudishe mezani. Betri zilizoisha zifungwe kwa skochi pande zote mbili kabla ya kutupwa.

Betri ikishatolewa, kidonda kinaendelea kwa siku na hata wiki. Umio unaweza kutoboka mpaka kwenye njia ya pumzi au kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mtoto aliyerudi nyumbani akitapika damu, hata kidogo, au akitoa choo cheusi kama lami, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo.