Nimonia kwa Watoto Wadogo: Baridi Si Kisababishi, Wazazi Wafahamu Vihatarishi na Kuwahi Kituoni

Na Mwandishi Wetu, Msangano – Momba

Miezi ya Juni na Julai ni kipindi cha baridi katika Mkoa wa Songwe. Katika mji wa Tunduma na maeneo mengine ya mwinuko baridi huwa kali tangu jioni, na hata katika bonde la Msangano, Wilaya ya Momba, ambako mchana hubaki na joto, familia nyingi hufunga milango na madirisha mapema na kukusanyika karibu na moto. Ni kipindi ambacho kikohozi cha mtoto huonekana kuwa jambo la kawaida, na kauli inayosikika mara nyingi majumbani ni kwamba "ni baridi tu, kitaisha."

Kwa watoto wengi kauli hiyo huwa na ukweli, kwa kuwa vikohozi vingi hutokana na mafua ambayo huisha yenyewe. Hata hivyo, kwa baadhi ya watoto kikohozi hicho huwa mwanzo wa nimonia, ugonjwa ambao unaweza kumtoa mtoto katika hali ya kucheza asubuhi na kumfikisha katika hali ya hatari ndani ya siku moja au mbili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), nimonia ilisababisha vifo vya watoto 740,180 wenye umri chini ya miaka mitano duniani mwaka 2019, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Vifo vingi kati ya hivyo vingeweza kuzuilika kwa chanjo, lishe bora na tiba iliyotolewa mapema.

Nimonia ni nini

Nimonia, ambayo wengi huifahamu kwa jina la homa ya mapafu au kichomi, ni maambukizi yanayoshambulia mapafu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa ambavyo hujaa hewa kila mtu anapovuta pumzi, na kupitia humo oksijeni huingia katika damu. Mtoto anapopata nimonia, vifuko hivyo hujaa usaha na majimaji. Hewa hukosa nafasi, oksijeni hupungua katika damu, na mtoto hulazimika kupumua harakaharaka ili kufidia upungufu huo. Ndiyo maana kasi ya kupumua ni miongoni mwa dalili za kwanza zinazochunguzwa na wataalamu wa afya.

Visababishi vya ugonjwa

Ni muhimu wananchi wafahamu kuwa baridi yenyewe haizalishi nimonia. Ugonjwa huu husababishwa na vimelea, ambavyo ni bakteria, virusi na, kwa nadra, fangasi. Bakteria anayeongoza kwa watoto ni yule ajulikanaye kitaalamu kama Streptococcus pneumoniae, akifuatiwa na Haemophilus influenzae aina ya b, maarufu kama Hib. Kwa upande wa virusi, kinachoongoza ni kirusi cha RSV, ambacho huwashambulia zaidi watoto wachanga. Watoto wanaoishi na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hukabiliwa pia na nimonia inayosababishwa na fangasi.

Vimelea hivi huenea kwa njia ya hewa kupitia matone ya mtu anayekohoa au kupiga chafya. Baadhi yake huishi puani na kooni mwa mtoto bila kumdhuru, kisha hushuka hadi kwenye mapafu pale kinga ya mwili inapodhoofika. Kwa mtoto mchanga, maambukizi yanaweza pia kutoka kwa mama wakati wa kujifungua au muda mfupi baadaye.

Kwa nini basi wagonjwa huongezeka wakati wa baridi? Sababu kubwa ni namna watu wanavyoishi katika kipindi hicho. Madirisha hufungwa, watu wengi hulala katika chumba kimoja, na moto huwashwa ndani. Mazingira hayo huvirahisishia vimelea safari kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kumvika mtoto nguo za kutosha ni jambo jema, lakini sweta peke yake haliwezi kumkinga mtoto ambaye hajachanjwa na analala katika chumba chenye moshi.

Vihatarishi vinavyomweka mtoto katika hatari zaidi

Kihatarishi cha kwanza ni lishe duni. Mwili wa mtoto mwenye utapiamlo hukosa nguvu ya kupambana na vimelea. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na kwa Mkoa wa Songwe kiwango ni takriban asilimia 32. Hali hii ipo katika mkoa unaozalisha mahindi, mpunga, ufuta na alizeti. Mavuno mengi hayatoshi iwapo mtoto hapati mlo mchanganyiko wenye nafaka, mikunde, mboga, matunda na vyakula vitokanavyo na wanyama. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee ndiyo chakula na kinga yake. Kumpa maji au uji kabla ya umri huo ni kumpunguzia ulinzi.

Kihatarishi cha pili ni moshi. Kaya nyingi vijijini hupika kwa kuni na mkaa, na mara nyingi mtoto huwa mgongoni mwa mama au kando ya mafiga wakati chakula kinapopikwa. WHO inaeleza kuwa hewa chafu ya ndani ya nyumba huongeza hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mapafu kwa karibu mara mbili. Moshi wa sigara ndani ya nyumba una madhara ya namna hiyo hiyo.

Kihatarishi cha tatu ni kukosa au kutokamilisha chanjo. Surua na kifaduro ni magonjwa yanayofahamika kwa kufungua njia ya nimonia, na yote mawili yanazuilika kwa chanjo. Vihatarishi vingine ni kuzaliwa kabla ya wakati au kwa uzito pungufu, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI, pamoja na msongamano katika nyumba zisizopitisha hewa ya kutosha, hususan katika miji yenye shughuli nyingi kama Tunduma.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuzitambua nyumbani

Mzazi au mlezi hahitaji kifaa maalumu ili kubaini kuwa mtoto anapumua haraka kupita kawaida. Mtoto akiwa ametulia, bila kulia wala kunyonya, nguo yake ifunuliwe na tumbo au kifua kiangaliwe huku pumzi zikihesabiwa kwa dakika moja kamili kwa kutumia saa au simu. Kwa mtoto mwenye umri chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni ishara ya hatari. Kwa mwenye umri wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kikomo ni pumzi 50, na kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, ni pumzi 40.

Mtoto apelekwe kituoni mara moja, hata kama ni usiku, iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwa ndani kila anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, amelegea au haamki kwa urahisi, au midomo na ulimi vimebadilika rangi na kuwa vya bluu. Kwa mtoto mchanga, tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa sababu anaweza kuwa na nimonia bila kukohoa kabisa. Kugoma kunyonya, mwili kuwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida ni sababu tosha ya kumwahisha.

Ucheleweshaji ndio unaogharimu maisha

Katika maeneo ya joto kama Msangano, homa ya mtoto hudhaniwa haraka kuwa ni malaria. Nimonia na malaria zote huleta homa, na wakati mwingine mtoto huwa nazo zote mbili. Mzazi anayempa mtoto dawa za malaria zilizobaki nyumbani, kisha akasubiri siku tatu kuona matokeo, anaweza kuwa amepoteza siku ambazo mtoto alizihitaji. Vivyo hivyo, kukata kimeo kwa imani kwamba kunatibu kikohozi hakuondoi vimelea kwenye mapafu, bali kunaweza kumsababishia mtoto kutokwa damu nyingi na maambukizi mapya.

Uamuzi wa kumpeleka mtoto kituoni nao usicheleweshwe. Katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, wazazi wengi huwa mashambani na njia huwa ngumu kupitika. Familia zipange mapema nani atampeleka mtoto na kwa usafiri gani, na mama aliyebaki nyumbani asisubiri baba arejee kutoka safarini ndipo aondoke na mtoto anayehema kwa shida.

Tiba ipo. Nimonia isiyo kali inayotokana na bakteria hutibiwa kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye maji, na mtoto aliyezidiwa hulazwa na kupewa dawa za sindano na oksijeni. Jambo la msingi ni kumaliza dozi kama ilivyoelekezwa hata pale mtoto anapoonekana amepona, na kuepuka kununua dawa za antibayotiki bila ushauri wa mtaalamu, kwa sababu matumizi holela huzalisha vimelea sugu.

Hatua za Serikali na wajibu wa jamii

Chanjo dhidi ya Hib ilianza kutolewa nchini mwaka 2009 ikiwa ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, na mwaka 2013 ikaongezwa chanjo ya nimonia. Chanjo hizi hutolewa bila malipo mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14, huku chanjo ya surua na rubella ikitolewa akiwa na miezi 9 na miezi 18. Kwa mujibu wa sera, huduma za matibabu kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Aidha, mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Juhudi hizo, sambamba na hatua nyingine za afya ya mtoto, zimechangia kupunguza vifo vya watoto chini ya miaka mitano nchini kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015/16 hadi 43 mwaka 2022. Mafanikio hayo yataendelea iwapo kila kaya itatekeleza sehemu yake. Wazazi wanahimizwa kukagua kadi za kliniki za watoto wao leo na kubaini chanjo iliyorukwa, kupikia mahali penye hewa ya kutosha na kuwaweka watoto mbali na moshi, kunawa mikono kwa sabuni, na kufungua madirisha mchana hata wakati wa baridi.

Kwa ushauri zaidi, wananchi wawasiliane na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vijiji vyao, wafike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au wapige simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Mtoto anayekohoa huku akihema haraka asisubirishwe hadi kesho.