Juni 25: Beatles, Prince na Michael Jackson

Jana kijiweni tumebishana mpaka basi kuhusu Juni 25, nikaona niiweke sawa hapa.

Mwaka 1967 siku hiyo ilirushwa Our World, kipindi cha kwanza cha laivu kilichotengenezwa na nchi nyingi kwa setilaiti. Zilishiriki nchi 14, Afrika ikiwa na Tunisia peke yake. Uingereza wakawatoa Beatles, wakapiga All You Need Is Love wakiwa studio London. Mwaka 1984 Prince akatoa albamu ya Purple Rain (hiyo mnaijua, tusonge).

Halafu 2009 Michael Jackson akafariki Los Angeles. Watu walimsaka mtandaoni mpaka Google wakadhani wanashambuliwa! Farrah Fawcett, yule staa wa Charlie's Angels, alifariki asubuhi ya siku hiyo hiyo, habari yake ikamezwa kabisa. Iliniuma.

Utamu uko hapa: 1985 Michael aliinunua ATV, kampuni iliyomiliki nyimbo nyingi za Beatles, na huo wa 1967 ukiwemo. Yaani amefariki akiwa bado na hisa zake, tarehe ile ile wimbo uliporushwa, miaka 42 baadaye.

Sasa ubishi wenyewe. Mshkaji anang'ang'ania Michael alikufa tarehe 26. Nikamcheka, kumbe ana pointi! Kule ilikuwa saa 8:26 mchana, Dar saa 6:26 usiku, tarehe imeshageuka. Kwa saa zetu Farrah ni 25, Michael 26. Soda nimelipa mimi.